Bandari Isiyo na Wenyewe: Uhakiki wa Picha za Rangi za Maji za Mombasa ya Wareno

1. Utangulizi

Vitabu vingi vinavyohusu historia na fasihi ya Kiswahili hubeba picha ya mji wa pwani, ama kwenye jalada ama katika kurasa za mwanzo. Picha hizo aghalabu ni za kale, zimechorwa kwa mkono wa mgeni, nazo zinapendeza. Hata hivyo, ni nadra msomaji kuambiwa zilichorwa na nani, kwa ajili ya nani, na mchoraji alikuwa amesimama wapi. Sisi wahakiki, ambao tungeona aibu kulitaja shairi bila ya kumtaja mtunzi wake, huziacha picha hizi zipite kana kwamba zimejichora zenyewe.

Mwandishi wa makala haya hawezi kujitoa katika lawama hiyo. Si zamani sana nilikuwa mjumbe wa kamati moja ya wahariri iliyokuwa ikitayarisha diwani ya mashairi kwa ajili ya shule za sekondari. Ilipotakiwa picha ya jalada, tulichagua mchoro wa Mombasa wa mwaka 1635, uliotiwa rangi za maji, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa mikono ya kwanza kuinuka. Baadaye niliipeleka picha hiyo katika chumba cha mihadhara hapa Njoro. Mwanafunzi mmoja kutoka Molo, ambaye hajapata kuiona bahari, aliitazama kwa muda kisha akauliza: "Mwalimu, mji huu una wenyewe?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Hoja yangu ni kwamba picha ya bandari ni usemi. Ina nafsi inayosema, ina hadhira inayosemeshwa, na ina mahali inapotokea sauti yake. Kwa hiyo yafaa kuhakikiwa kwa vyombo vile vile tunavyovitumia katika fasihi, yaani mtazamo, uteuzi, mpangilio na ukimya. Kuitumia kama pambo ni kukubali maneno yake bila ya kuyasikiliza. Kuitupa kwa sababu ni ya mkoloni ni kuupoteza ushahidi ambao yeye mwenyewe hakukusudia kuutoa.

2. Rangi ya maji na kazi yake

Kabla ya kuingia katika picha zenyewe, yafaa tuiangalie zana. Kiswahili hakikuwa na jina maalumu la sanaa hii. Neno rangi limetujia kutoka upande wa Uajemi na Bara Hindi, na hata bandari asili yake ni Kiajemi. Kitenzi kuchora kilitumika, na bado hutumika, kwa kazi ya kukata alama katika mti au mawe, kama wafanyavyo mafundi wa milango ya Lamu na Unguja. Kwa msemaji wa Kiswahili, basi, mchoro ni kitu kinachokatwa kikadumu, wakati rangi ya maji ni kitu kinachopakwa upesi kikakauka upesi.

Wepesi huo ndio uliowapendeza watawala na wasafiri. Mafuta huchukua siku nyingi kukauka na yanataka turubai, ilhali rangi ya maji inataka karatasi, brashi na kikombe cha maji. Tangu nusu ya pili ya karne ya 18 uchoraji wa namna hii ulikuwa somo la kijeshi huko Uingereza. Paul Sandby, mmoja wa wachoraji mashuhuri wa rangi za maji, aliteuliwa mwalimu mkuu wa uchoraji katika chuo cha kijeshi cha Woolwich mwaka 1768. Maofisa hawakufundishwa kuchora ili wawe wasanii. Walifundishwa ili waweze kuleta nyumbani sura ya pwani, kimo cha kilima, mahali pa kutia nanga na mahali pa kuweka mzinga. Uzuri tunaouona leo ulikuwa ziada juu ya kazi hiyo.

Jambo la pili ni la fani yenyewe. Rangi ya maji hupitisha nuru. Mchoraji wa kawaida hapaki rangi nyeupe mahali penye mwanga, bali huiacha karatasi wazi, na uwazi huo ndio unaokuwa jua, wingu au povu la mawimbi. Kwa maneno mengine, katika sanaa hii kisichopakwa nacho kinasema. Mhakiki wa fasihi hapaswi kuliona jambo hilo kuwa geni, maana kila siku tunawafundisha wanafunzi kwamba yasiyosemwa na msimulizi yana uzito sawa na yale anayoyasema.

3. Mombasa ya mwaka 1635

Picha tuliyoichagua kwa jalada letu inatoka katika kitabu cha mipango ya ngome, miji na makazi ya Wareno katika nchi za mashariki. Kitabu hicho kilitungwa Goa mwaka 1635 kwa amri ya mfalme. Maelezo yake yaliandikwa na António Bocarro, mwanahistoria rasmi na mtunza kumbukumbu wa utawala wa Goa, na michoro ni ya Pedro Barreto de Resende, katibu wa Gavana Mkuu. Nakala yake mashuhuri imehifadhiwa katika maktaba ya mji wa Évora, Ureno, nayo ina michoro 48. Mombasa ni mmoja tu kati ya miji mingi iliyomo.

Idadi hiyo ina maana kwa uhakiki wetu. Anayeitazama picha ya Mombasa peke yake hudhani ameonyeshwa mji. Anayezipitia zote huona kwamba ameonyeshwa daftari la mali. Ngome hufuata ngome, kutoka pwani ya Afrika hadi Bara Hindi na kuendelea mashariki, zote kwa mkono mmoja na kwa kanuni moja. Mchoraji ameinuka juu kabisa, mahali asipoweza kusimama mtu yeyote, na kutoka huko anaiangalia nchi kama mwenye nyumba akagua uwanja wake. Ngome ndiyo mhusika mkuu: hukuzwa kupita kiasi chake cha kweli na pembe zake huchorwa kwa uangalifu. Nyumba za wenyeji ni alama ndogo zinazorudiwarudiwa, na mtu, akiwapo, hana jina wala sura. Maelezo ya Bocarro yanakwenda na mkondo huo huo, kwani hushughulika na kuta, mizinga, askari na mapato.

Tuitazame sasa tarehe. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati. Mwezi Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliingia ndani yake, akamwua kapteni, na Wareno wa mji wakaangamizwa. Jeshi lililotumwa kutoka Goa mwanzoni mwa mwaka 1632 lilishindwa kuirudisha. Wareno waliipata tena pale tu Yusuf alipoamua kuondoka kwa hiari yake, akiiacha imebomolewa. Kwa hiyo mchoro wa mwaka 1635 unatokea miaka minne tu baada ya pigo kubwa kuliko yote waliyokuwa wameyapata katika pwani hii. Ngome tunayoiona imesimama imara katika karatasi ilikuwa, katika miaka hiyo hiyo, inahitaji kutengenezwa upya.

Hapa ndipo ukimya wa picha unapoanza kusikika. Yusuf hakuwa mgeni wa Goa. Alipelekwa huko angali mtoto, baada ya baba yake, Sultani Hasan, kuuawa kwa hila za Wareno. Akalelewa na watawa wa Kiagustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akasomeshwa, kisha akarudishwa Mombasa mwaka 1626 awe mfalme mtiifu. Mji uliomlea mwasi ndio mji ulioitunga picha, na picha haina nafasi ya kumweka. Ukuta mnene na mzinga unaotazama bahari vinajibu swali ambalo mchoraji hakutaka kulitamka, yaani: itakuwaje wakitugeuka tena?

Usemi wa pili wa ushindi huo umechongwa juu ya lango la ngome. Ni maandishi ya Kireno ya mwaka 1639 yanayomsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Maandishi yanaeleza jinsi alivyoitengeneza ngome, akawatiisha watu wa pwani na kuziadhibu Pate na Siyu. Hapa wenyeji wanatajwa, lakini wanatajwa katika nafasi ya watendwa tu. Tukiyasoma maandishi hayo pamoja na mchoro tunapata matini moja yenye sehemu mbili. Katika karatasi watu wametoweka, na katika jiwe wameadhibiwa.

Kuna kinaya kimoja zaidi. Umbo la ngome lilibuniwa kwa nadharia ya wasanii wa Ulaya wa zama hizo, kwamba vipimo vilivyo kamili hupatikana katika mwili wa binadamu. Basi jengo lilipimwa kwa mfano wa mtu, na picha yake ikawasahau watu wa mahali lilipojengwa.

4. Mkono wa katibu na mkono wa askari

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba Wareno wote walitazama kwa jicho moja. Katika uchimbuzi wa miaka ya 1960 ndani ya Ngome ya Yesu, kazi iliyoongozwa na James Kirkman, palionekana ukuta uliopakwa lipu na kuchorwa kwa makaa na udongo mwekundu. Inaaminiwa kwamba wachoraji walikuwa askari au mabaharia wa Kireno wa karne ya 17. Sehemu ya lipu hiyo inaweza kutazamwa hadi leo katika jumba la makumbusho ndani ya ngome.

Humo mna merikebu, makanisa, watu, samaki na hata kinyonga. Hakuna kanuni wala kipimo, na kitu kimoja kimechorwa juu ya kingine. Askari hakuwa na mfalme wa kumwonyesha. Alichora alichokiona akiwa zamu, alichokitamani na kilichomchekesha. Kinyonga yule hakuingia katika daftari la mwaka 1635, kwa kuwa hakuwa mali wala silaha.

Tofauti hii ni ya kitabaka kabla ya kuwa ya kipaji. Katibu alichora kwa rangi na karatasi, mikononi mwa utawala, naye akaziona kuta kutoka nje na kutoka juu. Askari alichora kwa makaa ya jikoni akiwa ndani ya kuta hizo, na bahari iliyokuwa mbele yake ndiyo iliyomtenga na kwao. Wote wawili walikuwa watumishi wa dola moja iliyovamia. Lakini mhakiki anayesema "jicho la mkoloni" bila ya kuuliza ni mkoloni yupi, na wa cheo gani, anafanya kile kile alichokifanya Resende alipozichora nyumba zetu kwa alama moja iliyorudiwa.

5. Kutoka karatasini hadi kitabuni

Kuna hatari nyingine, nayo inahusu safari ya picha baada ya kuchorwa. Kwa mfano wake hatuna budi kuruka karne mbili na kuhamia Unguja. Ni kutoka bandari hiyo, mwaka 1860, enzi ya Sayyid Majid bin Said, kwamba John Hanning Speke na James Augustus Grant waliondoka kuelekea bara. Grant, ofisa wa jeshi la Bara Hindi, alikuwa akichora kwa rangi za maji katika safari nzima, na michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi. Nilipata nafasi ya kuiona baadhi yake nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili huko Edinburgh. Kilichonishangaza si uzuri wake bali maneno yaliyoandikwa kwa mkono pembeni. Mchoraji alikuwa akijieleza na kujisahihisha, kama mtu asiyeamini kwamba rangi peke yake inatosha.

Speke alipochapisha kitabu chake mwaka 1863, picha nyingi zilitokana na michoro ya Grant. Lakini zilikuwa zimepitia mkono wa Johann Baptist Zwecker, mchoraji aliyefanya kazi yake London, na baada yake mikono ya wachonga mbao za chapa. Rangi ikaondoka, maelezo ya pembeni yakaondoka, na wasiwasi wa mchoraji ukaondoka pamoja nayo. Kilichobaki ni picha yenye uhakika mkubwa kuliko ule aliokuwa nao mtu aliyeshuhudia.

Mombasa yenyewe ilikwisha kupatwa na jambo la namna hii mapema zaidi. Katika kitabu cha miji ya dunia cha Georg Braun na Frans Hogenberg, kilichoanza kupigwa chapa Cologne mwaka 1572, Mombasa imewekwa katika ukurasa mmoja na Aden, Kilwa na Sofala, na nakala nyingi zilipakwa rangi kwa mkono baada ya kuchapwa. Majengo yake yana mkono wa fundi aliyezoea miji ya Ulaya. Ajabu ni kwamba mpaka leo ukurasa huo huchapwa upya katika vitabu na kuitwa "Mombasa ya kale". Rangi ya mkono humfanya msomaji adhani ameshuhudia.

6. Bandari katika lugha ya wenyewe

Je, wenyewe waliichora wapi bandari yao? Jibu ni kwamba waliichora katika lugha. Tuanze na majina ya mahali. Kilindini ni penye kilindi, maji marefu. Jina hilo limetoka kwa watu waliokuwa ndani ya maji hayo kwa mashua na nyavu, wala haliwezi kutolewa na mtu anayetazama kutoka mawinguni. Kisha mahali pakawa jina la watu. Wakilindini, pamoja na Watangana na Wachangamwe, ndio Thelatha Taifa, wakati Wamvita ni miongoni mwa Tisa Taifa, na wote kwa jumla ni Thenashara Taifa wa Mombasa. Picha ya mwaka 1635 inaonyesha ardhi na jengo, ilhali majina haya yanaonyesha ardhi na ukoo.

Ngome nayo ilipewa jina. Neno gereza linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Waswahili walilichukua jina la nyumba ya ibada wakaliita ngome, na mwishowe likawa jina la mahali pa kufungia watu. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza Ngome ya Yesu kuwa jela, ikabaki hivyo hadi 1958. Jengo, kwa hiyo, lilikuja kuifuata maana ambayo lugha ilikwisha kulikatia. Sijui kama kuna mchoro wowote wa ngome hiyo uliosema ukweli huo kwa ufupi kama neno hilo moja.

Mtunzi aliyeisema bandari kwa ukamilifu zaidi ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyeishi takriban 1776 hadi 1840. Tungo zake zilitolewa na William Hichens katika diwani ya mwaka 1940, na zikapata uchambuzi mpana wa M. H. Abdulaziz mwaka 1979. Muyaka aliishi wakati Mazrui wa Mombasa walipokuwa wakishindana na Sayyid Said bin Sultan, mpaka mji ukaangukia mikononi mwa Sayyid mwaka 1837. Kwake yeye chombo, tanga na upepo si mandhari ya kutazamwa. Ni msamiati wa siasa, wa mapenzi, wa deni na wa usuhuba. Bandari yake haionekani kwa mara moja kama ionekanavyo pichani, bali inasikika vipande vipande kinywani mwa mtu anayebishana na jirani yake.

Lakini uhakiki usigeuke kuwa sifa. Muyaka naye alisimama mahali. Alikuwa sauti ya mji na ya watawala wake wa Kimazrui, na katika tungo zake mtumwa na mkulima wa Kimijikenda hawapati kinywa kama apatacho muungwana. Na sisi tulio huku Bonde la Ufa, hatumo katika mchoro wala katika shairi, ingawa pembe za ndovu zilizoitajirisha bandari hiyo zilitoka bara. Bandari ilikuja kutufikia wakati reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipofika Nakuru mwaka 1900. Ilileta walowezi, ikaleta pia wafanyakazi, wachuuzi na Kiswahili. Mwanafunzi wa Molo anapoiuliza picha ya Mombasa juu ya wenyewe, anauliza kuhusu mlango ambao lugha anayoisomea iliupitia.

7. Pingamizi mbili

Huenda mwenzangu mmoja akasema kwamba ninamwonea mchoraji. Alitumwa kuchora ngome, naye amechora ngome, kwa hiyo si haki kumdai mambo ya mshairi. Pingamizi hili lina nguvu, nami nalikubali kwa nusu. Ramani ya kijeshi haipaswi kulaumiwa kwa kuwa ramani ya kijeshi. Lawama ni yetu tunaoichukua ramani hiyo, tukaiweka juu ya diwani ya mashairi ya Kiswahili, tukaiita sura ya mji wa Waswahili.

Mwingine atasema, kinyume chake, kwamba picha hizi ni mabaki ya ukoloni na hazina nafasi katika idara ya lugha za Kiafrika. Huyu nami simfuati. Tukiondoa mchoro wa mwaka 1635 tunapoteza ushahidi wa hofu ya mtawala baada ya mwaka 1631, na wanafunzi wetu watabaki na maandishi ya langoni peke yake. Adui akituandikia barua kwa bahati mbaya, ni busara kuisoma.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba picha za rangi za maji za bandari zina usimulizi, na kwamba usimulizi huo unaweza kuhakikiwa. Yafuatayo nayapendekeza kwa wenzangu. Kwanza, picha yoyote ya kale inayotumiwa katika kitabu cha Kiswahili iambatane na majibu ya maswali manne: ilichorwa na nani, kwa ajili ya nani, mwaka gani, na kutoka mahali gani. Pili, picha za nakala, kama zile za Zwecker au za Cologne, zitajwe kuwa nakala. Tatu, katika somo la fasihi linganishi wanafunzi wapewe mchoro na utungo wa mji huo huo pamoja, wavitafute vilivyomo na visivyomo katika kila kimoja.

Kuhusu diwani yetu, nimeiandikia kamati nikiomba shauri la jalada lifunguliwe upya. Sikuomba mchoro utupwe. Nimeomba uhamishiwe ndani, mkabala na tungo za Muyaka, ukiwa na maelezo yake, pamoja na picha ya ule ukuta wa makaa na udongo mwekundu. Jalada lenyewe libaki na maandishi tu mpaka tutakapopata picha inayostahili. Wajumbe hawajaafikiana. Mmoja ameniambia kwamba kitabu kisicho na picha nje hakiuziki. Pengine ni kweli, lakini mwanafunzi aliyeuliza swali lake Njoro atakuwa mwalimu wa sekondari baada ya mwaka mmoja au miwili, naye ataishika diwani hiyo mbele ya darasa lake. Ningependa watakapomwuliza kama mji ule una wenyewe, awe na ukurasa wa kuwafungulia.